Amplifaya Iliyopakwa Rangi ya Geti

Kazi yangu ni sura. Sauti si yangu, na huwa nawaambia wateja hivyo kabla hawajashusha kitu mlangoni, kwa sababu nimechoka kugombana. Ukiniletea amplifaya ya zamani ya gitaa, nitabandua ile ngozi ya plastiki iliyochanika, nitapiga mbao msasa, nitakutafutia kitambaa cha mbele kinachofanana na kile ilichotoka nacho kiwandani, na kona za chuma nitazisugua mpaka ujione uso. Lakini ukifika nyumbani uiwashe isilie, usinipigie simu. Nenda Thika kwa mafundi wa umeme. Mimi nilianza na viti vya magari na makochi, na mpaka leo nikiona amplifaya naona kochi dogo ambalo mtu amelisahau.

Kibanda changu kiko Ruiru, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na siku nzima nasikia mabati yakikatwa. Wateja wangu wengi ni vijana wa Juja wanaorekodi video, na wenye baa wanaotaka kitu cha kuweka pembeni watu wapigie picha. Hawa wa baa ndio hunipandisha hasira. Mmoja aliniletea amplifaya nzuri kabisa, haina hata mkwaruzo, akaniambia niichakaze ionekane ya zamani zaidi. Nilimwambia aiweke nje mvua ikinyesha, na aniondokee.

Nasema haya ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile bibi mmoja mzee, shosho kama tunavyowaita huku, alipofika. Alikuja na pikipiki mbili: moja imebeba amplifaya iliyofungwa kwa mipira, nyingine imembeba yeye, sweta imefungwa vifungo mpaka shingoni. Alishuka polepole, akasimama kando ya mzigo wake kama mtu aliyeleta mgonjwa kliniki na hajui aingie mlango gani.

Nilikitazama kile kitu nikasonya. Kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta, ile ya maziwa yaliyochacha ambayo watu hupaka mageti. Haikupakwa kwenye mbao tu. Ilipakwa juu ya ngozi, juu ya kona za chuma, juu ya mkono wa kubebea, juu ya bamba la jina la kampuni, mpaka juu ya vitufe vya kuzungusha. Kitambaa cha mbele, pale sauti hutokea, kilikuwa kimeng'olewa na mahali pake pamewekwa pazia jeupe lenye msalaba ulioshonwa kwa uzi wa zambarau.

"Nani alifanya hii kitu?" nikauliza. "Huyo mtu anafaa kufungwa."

"Ni mimi," akasema.

Hakusema kwa aibu wala kwa ubishi. Nilimvutia stuli akakaa.

Alinieleza kwamba hiyo amplifaya ni ya mume wake. Walipokuwa vijana, mume wake alikuwa akifanya kazi katika shamba la kahawa siku za wiki, na ikifika Ijumaa anabeba gitaa na amplifaya anaenda kupiga muziki katika baa za Thika, harudi mpaka Jumapili. Miaka ikaenda hivyo, yeye akimsubiri na watoto. Halafu mkutano wa injili ukaja Kalimoni, wakaenda wote wawili, na wote wawili wakaokoka jioni moja. Basi waumini wakaanza kubishana kuhusu amplifaya. Wengine walitaka ichomwe kwa kuwa ilikuwa imelilia walevi. Mchungaji akasema isichomwe, itakaswe, maana kanisa halikuwa na chombo chochote.

Sasa, huku kwetu kutakasa si neno la kusemwa tu. Watu hutakasa kwa mikono. Nimebandua vitu vingi vya namna hiyo katika kazi hii: spika zilizopakwa nyeupe, ngoma zilizochorwa njiwa, gitaa moja ambalo mwenyewe alikuwa amelikwangua jina la baa kwa kisu mpaka mbao ikatoboka. Kwa hiyo huyu mama alienda nyumbani, akachukua mkebe wa rangi iliyobaki walipopaka geti lao, akaitakasa.

"Na mzee alifanya nini ukipaka?" nikamuuliza.

"Alisimama tu hapo kwa mlango akiniangalia. Hakusema kitu. Mimi nilikuwa na furaha sana, mami. Nilikuwa naimba. Nilikuwa nasema moyoni, huyu sasa ni wangu."

Kanisa likaitumia mpaka ikafa, kisha ikarudishwa nyumbani na kuwekwa katika stoo ya mahindi. Na sasa, akasema, mzee ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza na vitu vidogo kama miwani na kofia. Halafu akawa anaamka asubuhi kwenda kuchuma kahawa ambayo iling'olewa zamani, na majirani wanamrudisha. Hayo yote aliyavumilia.

"Lakini sasa ananiongelesha Kiswahili," akasema.

Sikuelewa mara moja. Mimi ni Mkamba, natoka mashariki ya Thika, na yeye ni Mkikuyu, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokuwa tukitumia pale kibandani. Akaniona nimebaki namtazama, akaongeza:

"Vile mimi naongea na wewe saa hii. Ndio hivyo ananiongelesha. Na heshima nyingi. Ati, mama, karibu kiti. Ati, mama, umetoka mbali? Ng'ombe anamwongelesha Kikuyu. Mbwa, Kikuyu. Mimi, Kiswahili."

Hapo nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Kiswahili katika nyumba ya wazee kama wale ni cha askari aliyekuja kuuliza swali, ni cha mchuuzi asiyejulikana, ni cha mgeni. Mume wake alikuwa amemtoa nyumbani huku amekaa naye chumba kimoja.

Kilichomleta kwangu ni hiki. Mzee alikuwa amekazana kuulizia amplifaya yake, ile nyekundu. Wakamtolea hii kutoka stoo, akaitazama, akasema hiyo ni ya kanisa, irudishwe isije ikaleta maneno. Na huyu mama akafanya hesabu yake mwenyewe. Kabla hawajaoana, alikuwa akienda na dada yake Thika kusikiliza muziki, na bendi ikimaliza, vijana wakifunga vyombo, yeye alikuwa akikaa juu ya amplifaya hiyo akingoja. Hapo ndipo walipojuana.

"Akiijua hiyo, atanijua," akasema. "Mimi nilikuwa nimeikalia."

Nilitaka kumwambia kwamba ugonjwa huo haufanyi hivyo. Ninaujua. Mama yangu mzazi alikufa nao, akiniita kwa jina la dada yake, na hakuna picha wala leso wala wimbo uliomrudisha kwangu hata kwa dakika. Lakini nilipofungua mdomo nilisikia nikimwambia aiache, nitaangalia.

Nilikuwa nimemkasirikia yule shosho, na hasira hiyo nilifanya nayo kazi siku za kwanza. Rangi ya mafuta juu ya ngozi ya plastiki ni adui mbaya. Ukitumia dawa kali ya kutoa rangi, ngozi inayeyuka nayo. Ukikwangua, inachanika. Kando zote mbili zilinishinda, nikazibandua. Mradi nijue rangi ya mwanzo, ningeweka ngozi mpya, lakini mama yule alikuwa ameniambia "nyekundu" tu, na nyekundu ni neno la uvivu. Nyekundu ni nyanya, ni udongo wa Gatundu, ni damu, ni basi la shule.

Katika kazi hii kuna mahali pa kutafuta ukweli, napo ni chini ya bamba la jina. Kiwandani bamba lilifungwa juu ya ngozi ikiwa mpya, na tangu siku hiyo jua halikupita hapo, wala moshi, wala bia, wala mikono. Nilikwangua rangi kwenye vichwa vya skrubu, nikafungua bamba polepole. Chini yake palikuwa na kipande kisichozidi kiganja, rangi ya damu ya mzee, kimeiva na kuwaka kana kwamba kiliwekwa jana. Nilikaa nikakitazama. Nikamfikiria yule mama akiwa msichana, miguu yake ikining'inia mbele ya rangi hiyo.

Hasira ikaniisha hapo. Ilibaki huzuni, ambayo ni mbaya zaidi kufanya nayo kazi, kwa sababu hasira angalau huharakisha mkono.

Nilikata kipande kile nikaenda nacho Thika, duka hadi duka, kwa wanaouza ngozi za viti. Kila mara nilitoka nje kukilinganisha juani, na wenye duka wakadhani nataka kutoroka na mali yao. Nilichopata kilikuwa karibu, ila kiliwaka kupita kiasi, nikakizimua kwa rangi nyeusi ya viatu. Kitambaa cha mbele nacho kilikuwa kimeacha nyuzi chache zilizonaswa chini ya pini: kahawia yenye uzi wa dhahabu. Nilikipata kinachofanana nacho kwenye lundo la mapazia ya mitumba. Kilikuwa safi mno, kwa hiyo nilikichemsha ndani ya strungi, chai nzito isiyo na maziwa wala sukari. Jirani yangu wa duka la ujenzi akachungulia, akasema, "Leo umeamua kufungua hoteli?" Nikamwambia akafie mbele.

Sehemu ya juu ndiyo iliyonitesa. Nilipoanza kuilainisha rangi hapo kwa pamba yenye thina, niliona mahali rangi ilipozama, shimo dogo linalotosha ncha ya kidole. Lilikuwa alama ya sigara. Kila mpiga gitaa wa zamani alikuwa na mahali pa kuegesha sigara yake wakati mikono ina kazi, na huyu mahali pake palikuwa pembeni kulia, juu ya vitufe. Mama alilijaza rangi likalingana. Ningeweza kuweka ngozi mpya na kuichoma kwa sigara mpya, wenye baa huniomba nifanye hivyo kila siku. Nilikataa. Niliitoa ile rangi ya geti kwa pamba, kipande kwa kipande, mpaka ngozi yote ya juu ikaonekana, imepauka na kuchoka, na lile shimo jeusi mahali pake. Halafu nikazifubaza kando mpya zifanane na uzee wa juu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na najua sitaifanya tena.

Kwa fundi wa umeme niliipeleka pia, ingawa hakuna aliyeniomba. Aliifungua nyuma, akamulika tochi, akafunga. Panya walikuwa wamekula waya, transfoma imeungua, zile taa za kioo za ndani zinazokuza sauti zimevunjika, na vipuri vyake havipatikani.

"Ndani hakuna kitu," akaniambia. "Hapo uko na sanduku."

Nilimpigia shosho simu nikamweleza. Akasema sauti haitaki, sauti alishaisikia ya kutosha.

Hata hivyo mbele ya amplifaya palikuwa na kioo chekundu kidogo cha taa, ile inayoonyesha kwamba imewaka. Nilipokitoa rangi kwa kucha kikang'aa, kiliniudhi kubaki hivyo, jicho zuri lisiloona. Basi nikafunga balbu ndogo nyuma yake, nikaiunganisha na swichi ile ile ya zamani na mawe mawili ya tochi, yaani betri. Ukibonyeza swichi, taa inawaka. Hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa tamaa yangu ya sura tu, na nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo.

Niliipeleka mwenyewe, kwao Murera. Kahawa yote imeng'olewa upande huo, ploti zimepimwa, mawe ya msingi yamesimama kwenye nyasi yakingoja wenyewe. Geti lao nililijua kabla sijaambiwa. Lilikuwa rangi ile ile.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni dirishani, amenyolewa vizuri, amevaa koti, vifungo vimepishana shimo moja. Akaniambia kwa Kiswahili, "Karibu, mama." Nikasema, "Asante, guka," kama Wakikuyu wanavyomwita babu. Mimi na shosho tukaibeba amplifaya, kila mmoja upande wake, tukaiweka sakafuni mbele yake. Shosho alikuwa amevaa rinda la maua na kujifunga kitambaa kichwani kwa mtindo wa kisichana, fundo mbele.

Mzee aliitazama. Halafu akainama, akanyoosha mkono, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye lile shimo la sigara, bila kutafuta. Kikatulia pale. Akaanza kuongea Kikuyu, taratibu, kwa sauti ya chini, vile mtu anavyomsemesha ng'ombe aliyepotea akarudi mwenyewe. Kikuyu changu ni cha sokoni, lakini nilielewa alikuwa akiiuliza ilikuwa wapi siku zote hizo.

Shosho alinishika mkono akaufinya. Uso wake ulikuwa umefunguka kabisa. Nakiri kwamba hata mimi, ninayeujua ugonjwa ule, nilianza kuamini.

Akaniachia. Akatembea mpaka kwenye amplifaya, akageuka, akashika magoti, akakaa juu yake. Miguu haikuning'inia tena, ilifika chini na magoti yakapanda juu. Akamtazama mume wake, akamwita kwa Kikuyu, neno moja, jina ambalo bila shaka lilikuwa lao wawili.

Mzee alimtazama. Alionekana kusumbuka, kama mtu anayelazimika kumkosea mkubwa adabu.

"Samahani, mama," akamwambia kwa Kiswahili. "Hapo usikae. Hapo ni pa mke wangu."

Nilitamani nyumba ituangukie.

Shosho akainuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti, na mzee mwenyewe akampa mkono kumsaidia. Kisha mzee akamshukuru kwa kukubali. Halafu akapapasa nyuma ya amplifaya akaipata swichi, akabonyeza, na ile taa yangu nyekundu ikawaka. Uso wake ukachangamka. Akarudi kitini, akaweka mikono magotini.

"Tungoje kidogo ipate joto," akatuambia. Amplifaya hizo za zamani hazilii mara moja, lazima zile taa za ndani zipate moto kwanza. Hilo hakulisahau.

Tukangoja naye. Chai iliyoandaliwa kwa ajili yangu ilipoa. Kila baada ya muda alisema, "Leo inakawia," na shosho akamjibu, "Bado inapata joto." Nilipoaga, walikuwa wangali wamekaa hivyo, na shosho hakunisindikiza mpaka getini kama desturi, kwa sababu mzee alimwomba asiondoke kabla muziki haujaanza.

Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kwenda barabarani, nikilia na kujitukana. Nilitukana ile balbu. Bila hiyo balbu mzee angebonyeza swichi, angeona imekufa, yangeisha. Mimi nilikuwa nimempa kitu cha kungojea, na kisichokuja.

Siku zikapita nikidhani sitasikia tena habari zao. Ndipo asubuhi moja shosho akanipigia simu. Ile taa ilikuwa imefifia, akauliza kama ni mawe yameisha au ni balbu. Nikamwambia, "Shosho, afadhali uiache izime. Nisamehe kwa hiyo taa."

"Aa-aa," akasema. "Usiseme hivyo. Anaiwasha kila jioni. Tunaketi tunangoja. Na akingoja anaongea."

"Anaongea nini?"

"Ananiambia mambo ya mke wake. Ati alikuwa mkali. Ati alikuwa anapika irio tamu kushinda ya mama yake, lakini hawezi kusema. Jana aliniambia ati siku moja alipata mke wake akipaka amplifaya rangi. Ati hiyo amplifaya alikuwa anaipenda sana, akataka kumshika mkono. Lakini mke wake alikuwa anaimba. Hajawahi kumsikia akiimba hivyo. Akamwachia apake."

Mashine ya jirani ilikuwa ikikata mabati, na nililazimika kuziba sikio moja.

"Na wewe unamwambia nini, shosho?"

"Namjibu kwa Kiswahili. Nikiongea Kikuyu anashtuka, ananyamaza." Sauti yake ilikuwa kavu, bila machozi. "Kwa hivyo naongea Kiswahili. Niletee balbu, mami. Leta mbili."

Nilifunga kibanda, nikaenda Thika kuzitafuta.